Geuza Shaba, Si Mkono

Siku ya kwanza Gurutze hakunipa shaba.
Alinipa kinoo, tone la mafuta, na tindo butu
fupi kama kidole cha mtoto,
kisha akashuka kunywa kahawa.
"Ijaribu kwenye ukucha wako," alisema mlangoni.
"Ikiteleza, haijanolewa. Ikiuma, tutazungumza."

Iliteleza asubuhi nzima.
Nje, Eibar ilikuwa ndani ya rasharasha yake,
mvua isiyoshuka wala kukatika, inakaa tu hewani
kati ya milima miwili na maghorofa
yaliyobanana bondeni kama meno katika taya dogo.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Ishirini na sita nilikaza skrubu za cherehani,
skrubu nne kila kichwa, kichwa baada ya kichwa,
hadi kiwanda kilipofunga lango
na mikono hii ikarudi nyumbani pamoja nami
isijue ikae wapi. Mezani? Mfukoni?
Nikamwambia Gurutze: samaki hukunjwa angali mbichi,
na mimi ni ng'onda, nimekwisha kutiwa chumvi na kutundikwa.
Hakucheka.
"Ng'onda huloweshwa siku mbili," alisema,
"akalainika. Leta hiyo tindo."

Ikauma.

Halafu mistari. Mistari tu, wiki tatu,
mia kwenye sahani moja ya shaba nyekundu,
na kila mmoja umelewa kwa namna yake.
Sukuma kwa kiganja, vidole viongoze.
Kidole gumba ndicho breki.
Mara moja, labda mara mbili kwa siku,
kinyuzi cha shaba kilijikunja mbele ya ncha
kama ganda la chungwa
linalomenywa na mtu asiyedaiwa na mtu,
na nyuma yake mfereji ukabaki, safi, unang'aa,
nami nikashusha pumzi niliyosahau kwamba nimeibana.

Mkunjo ndio ulionitesa.
Nilipinda mkono, nikapinda bega, nikapinda shingo.
"Geuza shaba," alisema Gurutze bila kuinua macho, "si mkono."
Jiliwa yake ni tufe zito la chuma juu ya pete ya ngozi,
unaligusa kwa mkono wa kushoto, linazunguka polepole,
na tindo inasubiri palepale, kama mtu mlangoni,
njia yenyewe imfuate.

Ijumaa moja iliteleza ikanichoma kidole cha shahada.
Damu ikaingia katika mistari, ikaifuata,
ikanionyesha wazi uliokuwa mpana kupita mwenzake.
Gurutze alinyoosha mkono kwenye droo ya plasta.
"Umekaza," alisema. Basi.
Ishirini na sita, nilitaka kumwambia,
ishirini na sita nililipwa kwa kukaza.

Kisha Txomin mwoka mikate, jirani wa juu,
akanishika ngazini. Anataka kibati cha shaba
kwa shingo ya mbwa wake, Beltz, yaani Mweusi,
ingawa siku hizi amekuwa wa kijivu mdomo mzima.
Herufi tano. Nilizichora kwa penseli usiku kucha.
B ikakubali. E, L, T zikakaa kwenye mstari kama wanafunzi.
Kwenye Z, mwisho kabisa, mkono ulifurahi mapema:
ncha ikachomoka, ikachora mkia mrefu
hadi ukingoni mwa kibati.

Shaba haina kifutio.
Nilikaa nikiutazama mkia ule kwa kioo cha kukuzia,
ukawa mkubwa kama barabara.
Nilikata kibati kingine. Nikakinoa kinoo kwa tindo,
ndivyo nilivyochanganyikiwa,
na Txomin akagonga mlango kabla sijaanza.

Alikigeuzageuza kwenye mwanga, unga kwenye nyusi.
"Hii herufi imekimbia," alisema.
"Ndiyo."
"Kama mwenyewe." Akakitia mfukoni.

Sasa kila alfajiri, saa kumi na nusu,
Txomin akienda kuwasha tanuri,
nasikia kibati kikigonga ngazi hadi ngazi, tinki, tinki.
Hakuna aliyesimama kukisoma.
Nawasha taa. Naweka kidole kwenye tufe.
Linazunguka.